Starehe ndogo za Australia na maneno yake: yapi bado yanaishi, na yapi yamebaki kwa wazee?

Binti Mvita (Melbourne)

Assalaam aleikum, na habari za wakati huu ndugu zangu mlio Australia.

Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee upande wa magharibi wa Melbourne, na kwa sababu ya kazi hiyo ninasikia Kiingereza cha vizazi viwili ndani ya zamu moja. Wazee ninaowahudumia huita alasiri "arvo", kifungua kinywa "brekkie", mapumziko ya chai "smoko" na choo "dunny". Jambo likiwapendeza husema ni "bonzer", na rafiki wa ujanani wanamtaja kuwa "cobber". Wenzangu vijana, ambao wengi wao wamezaliwa hapa na wazazi waliotoka India, Vietnam na Ufilipino, hutamka "arvo" na "brekkie" bila kufikiri, lakini "bonzer" huwachekesha, na "cobber" wanaifahamu kwa kuisoma tu.

Kinachonishangaza ni kwamba maneno haya, ambayo Waaustralia wameyakata na kuyabembeleza mpaka yakawa kama majina ya utani, karibu yote yanataja raha ndogo: chakula, chai, kupumzika, jua, bahari, mwisho wa juma. Nimejiuliza kama mtu anaweza kuifahamu nchi hii kwa kuyafuata maneno hayo, na kama raha zenyewe zitabaki iwapo maneno yatatoweka.

Kwa hiyo nina maswali matatu. La kwanza, ni maneno yapi mgeni ajifunze ayatumie, na yapi ayaelewe tu kwa heshima ya wazee? Wazee wangu wanalalamika kwamba wajukuu wanazungumza kama Wamarekani, kwamba biskuti sasa ni "cookie" na peremende, ambazo hapa huitwa "lollies", zinageuka "candy". Ningependa kujua kama malalamiko hayo yana ukweli. La pili, ninyi mliokaa, ni raha gani ndogo za hapa ambazo zimekuwa zenu? La tatu ni la haraka: jirani yangu amenialika Jumamosi kwenye "barbie", yaani mlo wa kuchoma nyama nje, katika bustani ya umma, na kwenye ujumbe wake ameandika "bring a plate". Sahani ninazo nyingi, lakini sijaelewa kwa nini mtu anayealika wageni akose vyombo.

Mkongwe wa Adelaide

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Nianze na sahani, kwa kuwa Jumamosi haisubiri. Hukuombwa chombo, umeombwa chakula. Maana yake ni kwamba kila mgeni aje na kitu kinachotosha kushirikiwa na watu kadhaa, na sahani ni ya kukibebea tu. Peleka sambusa au viazi karai, nawe utaona sahani yako ikiwa ya kwanza kubaki tupu. Ukiona pia herufi BYO, ina maana kila mtu aje na kinywaji chake. Katika bustani nyingi za halmashauri kuna majiko ya umeme ya umma, ambayo unabonyeza kitufe nayo yanapata moto bila malipo, na adabu yake ni kulifuta jiko ukimaliza ili anayefuata asikute mafuta yako. Ila usitarajie nyama choma ya mkaa. Ni kukaanga juu ya bamba la chuma, na anayekuambia vinginevyo anataka kukufurahisha tu.

Sasa maneno. Kwa ninavyoona, jina hudumu kadiri jambo lenyewe linavyoendelea kufanywa. Wazee wako watakumbuka maneno "six o'clock swill". Mnamo 1916 majimbo kadhaa, likiwamo hili letu la Australia Kusini, yalianza kutumia sheria ya kufunga baa saa kumi na mbili jioni, na kwa kuwa wanaume walitoka kazini saa kumi na moja, ile saa moja iliyobaki ilikuwa ya kugombea kaunta na kumeza bia kwa pupa. New South Wales iliondoa sheria hiyo mwaka 1955, Victoria mwaka 1966, na sisi tukawa wa mwisho mwaka 1967. Leo hakuna kijana anayeyatamka maneno hayo ila katika somo la historia, na hakuna mtu aliyeyapiga vita. Yalikosa kazi yakaondoka.

Tazama pia "milk bar". Duka la kwanza la aina hiyo lilifunguliwa mwaka 1932 pale Martin Place, Sydney, na mhamiaji kutoka Ugiriki, likiuza maziwa yaliyopigwa kwa barafu na sharubati. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, karibu kila mtaa wa Melbourne ulikuwa na duka la namna hiyo kwenye kona, mara nyingi likiendeshwa na familia moja inayoishi nyuma au ghorofani, na mtoto aliyetoka shule akiwa na sarafu alisimama mbele ya kioo akachagua peremende moja moja huku mwenye duka akimsubiri. Ile ilikuwa raha hasa, na ilikuwa shule pia, maana mtoto alijifunza hesabu na subira kwa mpigo. Supamaketi zilipoanza kufungua mpaka usiku, na vituo vya mafuta vikaanza kuuza mikate na maziwa, maduka hayo yalifungwa moja baada ya jingine, na neno lenyewe sasa linasomwa zaidi kwenye vibao vilivyofifia kuliko kusikika. Mtoto wa leo huenda "servo", ambalo ni jina la kituo cha mafuta, kama vile nyumbani tunavyosema sheli hata pale ambapo kampuni ni nyingine kabisa.

Kwa upande mwingine, "smoko" lilianza kama mapumziko ya kuvuta sigara. Sigara zimepungua sana, hazivutwi ndani ya majengo ya kazi, lakini watu bado wanakaa chini asubuhi kwa chai na kitu cha kutafuna, basi neno limebaki zima. Vivyo hivyo "ute", gari dogo lenye kitanda cha mizigo nyuma, ambalo kampuni ya Ford ya Geelong ilianza kuliunda mwaka 1934. Kiwanda cha mwisho cha magari nchini, cha Holden kule Elizabeth kaskazini mwa mji wetu, kilifungwa Oktoba 2017, na magari ya namna hiyo sasa huletwa kwa meli, mengi yakitoka Thailand. Lakini fundi bado anahitaji mahali pa kuweka ngazi yake, na jina halijatikisika.

Jambo moja sikubaliani nawe, mwanangu. Hawafupishi maneno ya raha peke yake. Usajili wa gari, ambao hakuna anayeufurahia kuulipia, huitwa "rego". Fidia ya kuumia kazini ni "compo". Mhudumu wa gari la wagonjwa ni "ambo". Akiba ya uzeeni, yenye jina refu la kuchosha, ni "super". Mwaka 2023 Kamusi ya Macquarie, ambayo imekuwa ikichapishwa tangu 1981, ilichagua kuwa neno la mwaka "cozzie livs", yaani ugumu wa maisha na kupanda kwa bei, likiwa limekatwa kwa mtindo uleule wa kitoto ingawa chanzo chake ni Uingereza. Ninavyoelewa, kukata neno ni namna ya kulipunguzia jambo ukubwa wake, liwe tamu au chungu, ili mtu asionekane analichukulia kwa uzito kupita kiasi. Waaustralia wana haya ya kuonekana wenye bidii ya maneno.

Kuhusu Umarekani, malalamiko ni ya kweli na ni ya kale. "Truck" ilishaifukuza "lorry" na hakuna aliyelia matanga. Lakini nenda supamaketi yoyote utazame kibao cha upande wa peremende, utakuta bado kimeandikwa "lollies".

Kijana wa Granville (Sydney)

Shikamoo mzee wangu, na salamu kwako dada.

Hoja ya Mzee Mkongwe ni nzuri kwa majina ya vitu, ila inakwama kwenye "bonzer". Hilo si jina la kitu, ni neno la kusifu, na kusifu hakujakoma. Watu bado wanapendezwa na mambo kila siku, lakini neno limezeeka likaachwa. Maneno ya sifa huchakaa kwa kutumiwa, na kila kizazi kinataka lake, kwa sababu kijana hapendi kusifia kitu kwa neno la babu yake. Siku hizi utasikia "deadly", ambalo katika Kiingereza cha wenyeji wa asili lina maana ya kitu bora kabisa, na huku kwetu magharibi ya Sydney utasikia vijana wasio Waarabu wala Waislamu wakiapa "wallah" na kuhimizana "yalla" kwenye kituo cha treni. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa yametoka wapi. Yamefika hapa na familia za Walebanoni, yakaingia kwenye viwanja vya shule, na sasa ni mali ya yeyote aliyekulia kati ya Auburn na Bankstown.

Raha yangu ndogo, dada, nayo imeingia kwenye kamusi. Ni "halal snack pack": chipsi chini, nyama ya kebabu juu, jibini katikati, na sosi tatu, ya kitunguu saumu, ya pilipili na ile tamu ya kuchomea nyama, zikiwa zimemiminwa kwa mistari ndani ya kisanduku. Mwaka 2016 umma ulipopiga kura ya neno la mwaka la Macquarie, ulichagua hilo. Sidhani kama wapo walioliona kuwa jambo dogo, kwa maana ni chakula cha usiku cha wahamiaji kilichopokelewa bila kubadilishwa jina, neno halali likiwa mbele.

Mwaka huohuo Kituo cha Kamusi ya Taifa, kilicho katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kule Canberra, kilichagua "democracy sausage". Kwa asiyejua: kupiga kura kumekuwa lazima katika uchaguzi wa taifa tangu sheria ya 1924, uchaguzi hufanyika Jumamosi, na asiyejitokeza bila sababu hutozwa faini ya dola 20. Vituo vingi viko katika shule za msingi, na kamati za wazazi huweka meza nje, zikauza soseji ndani ya kipande kimoja cha mkate na vitunguu vya kukaanga ili kuchangia shule. Dada, hata kama bado hujawa raia na huwezi kupiga kura, hakuna anayekuzuia kununua. Muulize tu mpishi kama ni ya ng'ombe. Mimi hupenda kusimama pale nikitazama wapinzani wa kisiasa wakipeana tishu za kufutia sosi.

Soseji hiyohiyo huuzwa mwisho wa juma nje ya maduka ya vifaa vya ujenzi ya Bunnings, ambako vikundi vya hisani hupewa nafasi ya kupika, na hapo ndipo utakapoona jinsi raha ndogo inavyoweza kuwa jambo la taifa. Mwaka 2018 kampuni ilipoelekeza kwamba vitunguu viwekwe chini ya soseji badala ya juu, ili visidondoke sakafuni watu wakateleza, redioni na magazetini hakukuwa na mazungumzo mengine. Bei ilipopanda kutoka dola 2.50 hadi 3.50 mwaka 2022, ikawa vilevile.

Na kuhusu Umarekani, wazee wako wasihuzunike sana. Neno "selfie", ambalo kamusi za Oxford zililifanya neno la mwaka 2013, matumizi yake ya kwanza yanayojulikana yalikuwa hapa Australia mwaka 2002, na mwisho wake wa "-ie" ni uleule wa "brekkie" na "barbie". Dunia nzima inalitamka, Marekani ikiwamo.

Mama Boorloo (Perth)

Nimesoma kwa furaha, ila ninaona nyote mnayataja maneno yanayokufa na yanayozaliwa, na hamjayagusa yanayorudi.

Boorloo ndilo jina la mahali ulipo mji wa Perth katika Kinoongar, lugha ya wenyeji wa asili wa huku, nami nimelichukua kwa kuwa sasa hulisikia kila mahali, kuanzia mikutano ya halmashauri mpaka taarifa za hali ya hewa. Nilipofika huku, kisiwa kilicho mbele ya Fremantle kilikuwa Rottnest tu kwa kila mtu; siku hizi vibao vina jina la Wadjemup pia. Klabu ya mpira ya Fremantle huitwa Walyalup katika raundi ya kuwaenzi wenyeji wa asili, na ile ya Melbourne huitwa Narrm. Mwamba mkubwa wa katikati ya nchi ulipewa rasmi jina lake la Uluru sambamba na lile la kikoloni mwaka 1993, na kisiwa cha K'gari huko Queensland kililirudisha jina lake mwaka 2023. Wakati Waingereza walipofika kukaa mwaka 1788, nchi hii ilikuwa na lugha zaidi ya 250, na nyingi kati yake zilinyamazishwa kwa makusudi, watoto wakikatazwa kuzitumia. Kwa hiyo tunapowahurumia wazee wa dada Binti Mvita kwa kupotelewa na "cobber", tuweke mambo kwenye mizani yake.

Na hata kile Kiingereza cha wazee kina deni. "Yakka", yaani kazi ngumu, ambayo fundi yeyote hapa anaifahamu, imetoka katika lugha ya Wayagara wa eneo la Brisbane. "Cooee", mlio wa kuitana porini, umetoka kwa Wadharug wa Sydney.

Raha yangu inatokana na majira. Wanoongar wanahesabu majira sita, na baada ya kuyajifunza sikuweza tena kuishi na yale manne ya kalenda, ambayo yaliletwa kutoka Ulaya yakiwa hayaijui ardhi hii. Birak ni ukavu wa Desemba na Januari. Bunuru ni joto kali la Februari na Machi. Kisha Djeran, usiku unapoanza kupoa. Makuru ya mvua na baridi. Djilba, baridi inapochanganyika na maua ya mwanzo. Na Kambarang ya Oktoba na Novemba, maua yanapofurika kila mahali. Katika Birak na Bunuru, mji ukiwa umeshika moto tangu asubuhi, upepo wa bahari huingia alasiri kutoka kusini magharibi, nao watu wanauita "Fremantle Doctor", Daktari wa Fremantle, au Daktari tu. Sisi tuliolelewa kwa kusi na kaskazi tunajua thamani ya upepo wenye jina. Mtu akisema Daktari amefika, milango inafunguliwa mbele na nyuma, viti vinatolewa nje, na hakuna anayehimizwa kufanya jambo lolote kwa muda wa nusu saa. Watabiri wa hewa wana vipimo vyao vya kasi yake. Mimi natazama pazia la jikoni.

Dada, jina hilo ni la zamani na vijana wanalitumia vilevile. Linampa Mzee Mkongwe haki katika hoja yake, kwa sababu upepo haujaacha kuvuma.

Mkongwe wa Adelaide

Nakubali kugawa mambo mafungu mawili kama alivyosema kijana: majina ya vitu yana umri mrefu, sifa zina umri mfupi. Lakini hicho kisanduku chake cha chipsi na nyama, huku Adelaide tulikuwa tukikila zamani kwa jina la AB, bila kamusi yoyote kutushangilia, na hata sasa ukitaja jina lake la Sydney mbele ya kijana wa hapa utasahihishwa.

Fundi wa Toowoomba

Ndugu zangu, salamu kutoka Queensland. Mimi ni Mkongo, nafanya kazi ya ujenzi, na ningependa kumjibu dada kuhusu swali lake la kwanza kwa namna ya kutenda, maana kujua kwamba neno lipo hai si sawa na kujua kwamba wewe unaweza kulitumia.

Anza na nyakati na chakula. Mgeni akisema "arvo", "brekkie" au "smoko", hakuna anayegeuza shingo, kwa kuwa hayo ni majina ya kawaida. Ongeza "shout", ambalo ni kumlipia mwenzako kinywaji, nalo ni neno lenye sheria ndani yake. Katika eneo letu la kazi gari la kahawa hufika asubuhi, na mtu mmoja hulipia wenzake. Hakuna anayeandika hesabu, lakini kila mmoja anajua zamu imefika kwa nani, na anayejifanya amesahau huzungumzwa kwa muda mrefu. Zamani ilikuwa bia, na bado ni bia siku ya Ijumaa, ila kwa sisi tusiokunywa pombe, kahawa imetufungulia mlango. Nimewaona watu walioishi hapa kwa miaka mingi wakibaki wageni kwa sababu walikataa kulipiwa kwa adabu ya kwao, wasijue kwamba kukataa ni kujitoa kwenye mzunguko. Pokea, kisha kesho ulipe wewe.

"Mate" litumie kwa uangalifu kidogo. Ni neno la usawa: dereva humwita hakimu hivyo, na hakimu humjibu hivyohivyo. Mwaka 2005 walinzi wa Bunge la taifa, Canberra, walikatazwa kuwaita wageni "mate", na makelele yaliyotokea, Waziri Mkuu wa wakati huo akiwa miongoni mwa waliopinga, yaliifanya amri hiyo ifutwe ndani ya siku moja. Hata hivyo sauti ndiyo inayobeba maana. Likitamkwa kwa mkazo na polepole barabarani, baada ya wewe kumkata mtu njia, hilo si neno la urafiki tena. Kwa wazee unaowahudumia, dada, nadhani jina lao la kwanza linatosha, kwani wao wenyewe hupenda kuitwa hivyo, ingawa sisi ulimi unatuwia mzito kumwita mtu wa umri wa bibi bila cheo.

Maneno kama "bonzer" na "strewth", hili la pili likiwa la kushangaa, waachie wao. Mgeni akiyatumia, watu hudhani anawaigiza.

Binti Mvita (Melbourne)

Mungu awabariki nyote. Nimemsomea bibi mmoja kazini habari ya baa za saa kumi na mbili, akacheka mpaka akaomba maji, kisha akanieleza jinsi mama yake alivyokuwa akimtuma amsubiri baba langoni. Kuhusu "shout", sasa nimeelewa kwa nini mwenzangu mmoja alininunia kwa siku kadhaa. Kahawa ndiyo raha yangu pia: Melbourne wanayo moja inayoitwa "magic", kahawa nzito yenye maziwa kidogo katika kikombe kidogo, na nimeambiwa nikiiomba nje ya mji huu huenda nisieleweke.

Nina swali la nyongeza kwako, kaka Fundi. Mume wangu ameahidiwa kazi Brisbane, na huenda tukahama mwanzoni mwa mwaka wa shule. Watoto wamezoea maneno ya hapa. Je, watalazimika kujifunza upya?

Fundi wa Toowoomba

Watajifunza kabla muhula haujaisha, dada, na wewe ndiye utakayebaki nyuma.

Nguo za kuogelea, ambazo huko Victoria ni "bathers", huku ni "togs", na shuleni watapewa orodha ya vifaa yenye neno hilo bila maelezo. Barafu tamu ya kijiti, ambayo kwenu ni "icy pole", huku ni "ice block". Kile kipande cha kiazi kilichochovywa kwenye unga na kukaangwa, ambacho mnakiita "potato cake", huku kinaitwa "potato scallop" au "scallop" tu. Waonye, maana hilo pia ni jina la kombe wa baharini, na bei zake hazilingani hata kidogo. Bomba la kunywea maji uwanjani litakuwa "bubbler". Bibi za huku watakaowasikia wakitaja "port" wanamaanisha mkoba wa shule, ingawa neno hilo kwa kweli limeanza kuwa la bibi peke yao. Lililo muhimu zaidi ni "footy". Melbourne mnamaanisha mpira wa sheria za Australia, wenye uwanja wa mviringo. Huku, na New South Wales pia, mara nyingi wanamaanisha raga ya ligi, na mtoto atakayevaa jezi ya Collingwood, klabu ya huko kwenu, siku ya kwanza atapata marafiki wachache.

Hata "arvo" yenyewe itabadilika. Huku hatusogezi saa mbele wakati wa kiangazi; wananchi walikataa katika kura ya maoni ya mwaka 1992, na sisi wa mbali na pwani ndio tuliokataa zaidi. Melbourne mwezi Desemba jua linazama karibu saa tatu kasorobo usiku, Brisbane linazama kabla ya saa moja. Mkialikwa kwenye "barbie" ya alasiri, fikeni saa tisa, na sahani iwe imejaa.